Ukwato Uliokauka Kwanza

Punda Diwani aliamka akichechemea. Selpha alimkuta bandani, mguu wa mbele wa kulia ameuinua, ncha tu ikigusa chini, na pumba za asubuhi hakuzionja. Kwa miaka kumi na mmoja tangu atoke Malava, mjane huyu alikuwa akiwauzia watu wa Yamumbi maji kwa mkokoteni, na hakuwahi kuwa na punda mwingine. Jana yake walikuwa wamepeleka mitungi kumi na sita kwenye mjengo, wakarudi salama.

Jirani yake, Mzee Kimeli, hakuhitaji kutazama mara mbili.

"Bega hilo, Mama. Nimeshaweka chuma motoni. Nikilichoma mara tatu, atatembea mpaka Burnt Forest."

"Na ukikosea?"

"Nikosee? Nilianza kuchoma punda kabla hujajua kupika chai!"

Selpha alicheka, lakini kamba hakuiachilia. Alikuwa amewaona punda waliochomwa. Makovu yalibaki, na wengine walibaki na kuchechemea kwao vilevile.

"Chuma chako kingoje kidogo."

Alikuwa amelea watoto watatu bila kipimajoto. Alijua kwamba kitambaa chenye maji kikiwekwa kwenye paji la uso la mtoto mwenye homa, hukauka upesi. Basi akachota maji baridi, akammwagia Diwani kwato zote nne sawasawa, akaketi juu ya mtungi. Jua lilikuwa bado halijafika bandani.

"Sasa tunangoja nini?" Kimeli akauliza. "Ubatizo?"

"Ngoja tu, Mzee."

Kwato tatu zilibaki nyeusi kwa maji. Ule wa mbele wa kulia ulianza kupauka juu, kisha ukakauka wote. Selpha akaweka kiganja. Ulikuwa moto. Kimeli naye akainama, akaugusa, akagusa wa kushoto, akarudia. Habari za bega hakuzitaja tena.

Daktari wa mifugo, Vivian, ambaye Selpha alimpigia simu, alifika kabla ya adhuhuri kutoka Kapsoya. Alisafisha ukwato chini, akaubana kwa koleo hapa na pale, mpaka Diwani akavuta mguu kwa nguvu. Hapo akachonga taratibu kwa kisu kilichopinda, akakuta doa jeusi dogo kama punje ya wimbi. Msumari ulikuwa umeingia na kutoka, tope likaziba tundu. Akachonga tena kidogo. Usaha wenye uvundo ukatoka, na punda akashusha pumzi ndefu. Kisha Vivian akamdunga sindano ya kuzuia pepopunda.

"Mloweshe mguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kila siku, halafu umfunge pampasi ya mtoto na selotepu, uchafu usiingie. Na kazi hapana, Mama, hata ukimwona mzima. Wiki mbili."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Siku ya nne Diwani alikuwa akitembea vizuri, na wateja walikuwa wakipiga simu. Selpha aliutazama mkokoteni, akamtazama punda, kisha akaingia yeye mwenyewe mbele ya mkokoteni. Akabeba mitungi minne minne, Kimeli akisukuma nyuma na kunung'unika kwamba amefanywa punda uzeeni.

Siku ya kumi na tano Selpha akamwagia kwato maji tena. Wakaketi wote wawili, wakitazama. Kwato nne zilikauka polepole, pamoja, bila mmoja kutangulia.

Kimeli akainuka, akajifuta magoti.

"Haya," akasema. "Njoo umwagie na punda wangu, naye anachechemea."