Akina Kabula Watatu

Wiki iliyopita, kwenye zahanati moja hapa Geita, muuguzi aliita, "Kabula!" Tukasimama wanawake watatu, tukatazamana, tukacheka. Nilipoketi tena nikakikumbuka kijiji chetu kule Shinyanga, miaka ile ya pamba na amri za mkoloni za kupunguza ng'ombe.

Kwetu mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Kabula, kwa hiyo tulikuwa wengi. Wenye sifa walikuwa wawili. Mmoja ni bibi yangu, mkunga. Mikono yake ilinukia samli na moshi, na karibu watoto wote niliocheza nao aliwapokea yeye. Wa pili ni manju wa ngoma za mavuno, mwanamke mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mbuga. Mimi sifa yangu ilikuwa kumaliza karanga za watu.

Mwaka ule manju alitunga wimbo, akiuliza ng'ombe wetu wamekosa nini hata wahukumiwe kwenda mnadani. Tuliuimba tukichota maji. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, hakuupenda kabisa, akapeleka habari kwa mtemi.

Asubuhi moja bibi alinituma ndani ya kihenge nimchotee mtama. Nikamkuta manju amejikunyata humo, kidole mdomoni. Kabla sijasema neno, bibi akashusha paa la nyasi juu yetu. Giza. Joto. Vumbi likanijaa puani, nikataka kupiga chafya. Manju akanibana uso kifuani kwake hadi nikadhani nitakufa. Nje zikasikika sauti za askari wa mtemi, watu wageni wasiotujua kwa sura.

"Kabula ni nani hapa?"

"Ni mimi," bibi akajibu.

"Ndiwe unayeimba?"

"Umri huu nisipoimba nitafanya nini, mwanangu?"

Wakamchukua. Manju alilia bila sauti, machozi yakinidondokea utosini. Paa lilikuwa zito, na hatukujua kama askari wote wameondoka. Tulikaa humo mpaka mama aliporudi kutoka shambani akatufungulia. Manju akanywa maji, akashika njia ya machimbo ya dhahabu. Hatukumwona tena.

Mama alinikataza kutoka uani, nisije nikaropoka. Neno moja lingemrudisha bibi, lakini lingewatuma askari nyuma ya manju.

Siku ya tatu jirani yetu alishikwa na uchungu. Watu wakaenda kumwombea bibi ruhusa, wakafukuzwa. Tangu asubuhi hadi alasiri nilimsikia jirani akiita, "Kabula! Kabula!" nami nimekaa nikimenya karanga, nisiweze kwenda wala kuitika. Mtoto hakuishi.

Kesho yake bibi akaachiwa, wala hatukuelezwa kwa nini. Hakuna aliyemlaumu.

Mwaka uliofuata jirani alijifungua tena, mikononi mwa bibi, mvua ikipiga paa hata tusisikizane. Mtoto wa kike. Wanawake wote wakangoja jina wanalolijua. Jirani akamtazama bibi, akasema, "Huyu ataitwa jina la mama yangu."

"Jina zuri," bibi akasema, akatoka kunawa mikono.

Siku hizi vihenge vimekuwa vichache, nafaka hulala maguniani. Wimbo ule nimebaki na mistari miwili tu. Na bibi alikwenda kaburini bila kuniambia kama angewajibu askari vilevile lau angejua yatakayompata mtoto wa jirani. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwuliza, wala sikuthubutu.