Saa Niliyomchorea Daktari

Watoto wangu walianza kunichunguza kwa sababu ya Wasabato.

Niliamka siku moja nikavaa suti, nikaenda kanisani. Kanisa letu hapa Riruta tunakodi ukumbi, na Jumamosi ukumbi huo huo unatumiwa na Wasabato. Mimi nilidhani ni Jumapili. Nilikaa mbele, mahali pangu. Niliona sura ngeni, nikasema labda tumeongezeka. Mhubiri alikuwa mzuri kuliko wetu. Niliimba, nikatoa sadaka, na walipouliza kama kuna mgeni niligeuka nyuma kama wengine nione ni nani.

Nyakio alinikuta langoni nikirudi. Ndiye mwenye ploti yetu, na bado hajaona jambo akalinyamazia.

"Baba Jacky, na hiyo suti umetoka wapi?"

"Kanisani."

"Leo?"

"Kwani wewe hukuenda?"

Aliingia kwake haraka. Kabla sijamaliza kufungua kamba za viatu, simu yangu ilikuwa inaita, ni Jacklyne.

Jacklyne ni binti yangu. Anaishi Kileleshwa, gorofa ya nne, na anafanya kazi ya ofisi. Ndugu yake Were yuko Eldoret, naye hukubaliana na mtu aliyempigia simu mwisho.

Jumapili yenyewe Jacklyne alikuja na mtoto wake, mkate na maziwa. Alipekua kabati, akatoa dawa zangu za presha. Paketi zilikuwa nzima, hazijaguswa tangu tumzike mama yake kule Kimilili.

"Baba, dawa hujameza."

"Sijameza."

"Umesahau?"

"Hakuna mtu amenipa."

Alinitazama sana. Kisha akatoa simu akaandika kitu. Nikajua nimeandikwa.

Siku ile aliandika mengi. Kwamba nilimwita mtoto wake "wewe" mchana kutwa. Kwamba siku yake ya kuzaliwa ilipita na sikupiga simu, mwaka wa kwanza tangu aolewe. Kwamba nilimuuliza mara mbili leo ni siku gani.

"Baba, kazi yako ni saa," akasema. "Meza yako yote imejaa saa. Unakosaje kujua siku?"

"Hizo zimekufa, mama. Ndiyo sababu zimeletwa."

Huo ndio ukweli wa kazi yangu. Nina meza ndogo ya vioo mjini, chini ya ngazi za jengo moja karibu na mtaa wa Tom Mboya. Miaka arobaini natengeneza saa. Saa zikiwa ishirini mezani, kila moja ina tarehe yake. Fundi akianza kuziamini atapotea. Nayo simu yangu, betri ikitoka kidogo, inarudi mwaka iliozaliwa.

Jacklyne alikunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Nimepata daktari Parklands, wa mambo ya kusahau. Tunaenda Alhamisi. Akisema kichwa kimeanza kuchoka, unahamia kwangu. Nyumba hii tunamrudishia Nyakio."

"Na meza yangu?"

"Meza tutaona."

Nyumba hii tuliingia Jacklyne akiwa mgongoni. Leso ya Nakhumicha, marehemu mke wangu, bado iko nyuma ya mlango wa jikoni, na mlango ukifungwa inasogea kidogo. Kileleshwa napajua. Baada ya mazishi walinikalisha huko wiki mbili. Kuna askari langoni anayeandika kila anayetoka, na kuna Kavutha, msichana wa kazi, mtoto mwenye heshima sana. Nikienda choo alisimama nje ya mlango. "Babu, uko sawa?" Ukiulizwa hivyo, hata kilichokuwa kinakuja kinarudi.

Kwa hiyo nilijua nikianguka mtihani huo, nimekwisha. Na mimi mtihani sijawahi kufanya. Shule niliiona nikipita na ng'ombe. Herufi nilifundishwa na Nakhumicha, tukiwa tayari na watoto wawili.

Alhamisi tulienda. Lifti ilikuwa imeharibika, tukapanda ngazi. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, Daktari Kasyoka, mwenye sauti ya pole. Alimwambia Jacklyne akae nyuma asinisaidie.

"Mzee, nitakuuliza maswali rahisi. Usiogope."

Hapo ndipo niliogopa.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Sijui."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

Alifurahi. Nikaona nisimdanganye. "Nimeambiwa kwa gari."

"Mwezi gani huu?"

"Wa mvua."

"Na hapa tuko wapi?"

"Parklands. Gorofa ya tatu. Lifti imekufa."

Akaandika. Kisha akaniambia nishike maneno matatu, atayauliza baadaye: kijiko, ng'ombe, barabara. Nikayashika. Akaniambia nianze mia moja nitoe saba, nitoe saba tena. Nilimuuliza nani amechukua hizo saba. Akasema tuache hiyo.

Halafu akanisukumia karatasi na kalamu.

"Nichoree saa, mzee. Nzima. Ionyeshe saa tano na dakika kumi."

Nilitaka kumkumbatia. Hiyo ndiyo kitu najua. Nilitoa miwani ya kazi, nikainama. Nilimchorea saa ya mkono ya kujaza, ile ya mwalimu mmoja wa kule Kikuyu ambayo ilikuwa mezani wiki hiyo. Niliweka springi kubwa ndani ya kasha lake. Niliweka magurudumu yote, moja likimshika mwenzake, na meno yake. Niliweka lile gurudumu dogo linalotikisika na springi yake nyembamba tunayoiita unywele, hata skrubu mbili za pembeni ambazo mafundi wavivu hupenda kuziacha. Nilichukua muda. Nyuma yangu nilisikia Jacklyne akivuta pumzi.

Daktari aliigeuza karatasi upande huu na upande ule.

"Mzee, hizi duara ni nini?"

"Magurudumu."

"Namba ziko wapi?"

"Upande ule mwingine."

Aligeuza karatasi kweli, akatazama nyuma. Haikuwa na kitu.

"Na mishale?"

"Iko na namba, huko huko. Uso ni wa mwenye saa, daktari. Fundi hufungua mgongo."

"Sasa saa tano na dakika kumi iko wapi?"

"Hiyo haiwezi kuonyesha. Bado haitembei. Nangoja kipuri."

Daktari aliinua karatasi ya alama, akaitazama, akairudisha. "Sijui nikuwekee ngapi hapa," akasema. Halafu akamwita Jacklyne asogee na ile orodha yake.

Jacklyne alifungua simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeshtaki na hapendi.

"Alienda kanisani Jumamosi."

Daktari akaniuliza, "Zamani ulikuwa unajuaje Jumapili imefika?"

"Mama yake alikuwa akinitolea suti kitandani. Nikiona suti, najua."

"Hajameza dawa tangu mazishi."

"Na dawa?" daktari akauliza.

"Aliniwekea mkononi na chai. Sijui hata zinatoka wapi."

"Wajukuu hajui majina."

"Ni tisa, daktari. Wakigonga mlango, mama yake alininong'oneza. Huyu ni wa Were, yuko darasa la nne, anaogopa kuku. Mimi nikifungua, najua kila kitu. Walisema babu ana akili."

Daktari aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anacheka. Jacklyne hakuwa anacheka. Alikuwa amefika jambo la mwisho kwenye orodha, na hilo hakulisoma.

"Baba," akasema, "siku yangu ya kuzaliwa ulinipigia kila mwaka. Kila mwaka, asubuhi, kabla sijaenda kazi."

Nilifikiria kumdanganya hapo.

"Mama yako alinipa simu ikiwa tayari inaita," nikasema. "Nami nilipenda kuongea na wewe. Tarehe ndiyo sikuijua."

Alifunga simu akaiweka kwa mkoba. Alitafuta kitambaa, daktari akampa. Wote wawili wakanitazama, na mimi nikaona wananingojea.

"Kijiko, ng'ombe, barabara," nikasema.

Daktari alitaka damu ya kupima, akataka nirudi baada ya miezi sita. Alisema kwa yale aliyoyaona, haoni mtu aliyesahau. Anaona mtu ambaye hakuwahi kujua, na aliyekuwa anajua hayupo. Jacklyne akauliza kuhusu nyumba. Daktari akasema kuhama kwa sasa si dawa, lakini za presha ni lazima, na mtu awe ananiambia siku. Ile karatasi ya saa aliomba abaki nayo.

Kuna jambo moja nilisahau kweli, na sikumwambia mtu. Tukishuka zile ngazi nilikuwa nacheka peke yangu juu ya ile karatasi iliyogeuzwa, nikaharakisha, nikitaka kufika nyumbani nimhadithie Nakhumicha. Nilishuka gorofa moja nzima hivyo. Kisha nikakumbuka, nikashika chuma cha ngazi. Jacklyne aliuliza kama ni magoti. Nikasema ni magoti.

Sasa niko Riruta bado. Jacklyne alininunulia kikasha cha dawa chenye vyumba saba, kila kimoja kimeandikwa siku yake. Kila asubuhi saa kumi na mbili hunipigia.

"Baba, umeamkaje? Leo ni Jumatatu. Meza dawa ya kwanza. Nasikiliza."

Nami nameza akisikia. Jumamosi jioni hupiga tena kuniambia nitoe suti. Siku za kuzaliwa za wajukuu huniambia jina, na mtoto anaogopa nini. Nimeanza kuonekana nina akili tena.

Sikumwambia kwamba siku nimeshazijua. Vile vyumba vya dawa ni saba, na ukimeza kimoja kwa siku, siku unaijua tu. Lakini nikimwambia, ataacha kupiga.

Wiki jana alipiga kama kawaida. "Baba, umeamkaje? Leo ni Jumanne."

Nilitazama kikasha. Cha Jumanne kilikuwa kitupu. Ilikuwa Jumatano.

"Haya, mama," nikasema. "Jumanne."

Nikameza ya Jumatano, nikaenda mjini kazini. Nyakio sikumwambia, wala Were. Na kumpeleka Jacklyne Parklands kwa daktari, sikumpeleka.