Uji Ndani ya Injini ya Anti

Hapa Kinoru, mjini Meru, nikikaribia ile yadi ya magari, huwa ninavuka barabara na kupita upande wa pili nikitazama chini kama mtu aliyedondosha kitu, na kama wewe ni wa hapa labda umeshaniona ukajiuliza huyu kijana ana nini. Basi ni hivi. Nitasimulia polepole kwa sababu kuandika si kazi yangu, na pia kwa sababu kuna sehemu ambazo nikizikumbuka, hata nikiwa peke yangu, uso unanichoma.

Mimi ninakaa na Anti Kagendo, dada ya baba yangu. Anauza mitumba, hasa mablanketi na makoti, anazunguka nayo siku za soko, leo Kangeta, siku nyingine Ruiri. Kwa miaka mingi alikuwa analipa mizigo yake ibebwe na magari ya watu, mpaka mwaka huu akanunua stesheni wagoni yake mwenyewe kwenye hiyo yadi. Halikuwa gari jipya, lilikuwa limetumika ng'ambo kwanza, lakini mwenye yadi, Mzee Kirimi, alimpa waranti ya miezi mitatu, yaani injini ikiharibika ndani ya hiyo miezi anaitengeneza yeye bila malipo. Anti hajui kuendesha. Mimi ndiye niliyejifunza, nikawa dereva, na kwa mtu kama mimi ambaye tangu nimalize darasa la nane nilikuwa ninatumwa tu, beba hiki, weka pale, kuitwa dereva lilikuwa jambo kubwa. Gari hilo ndilo lililokuwa linatulisha. (Ukianza kucheka, kumbuka hapo.)

Waranti iliisha bila sisi kuona tofauti yoyote, gari lilikuwa linaenda tu. Wiki iliyofuata binamu yangu Mwenda alikuwa anapeleka mahari Kangeta, na gari la Anti likachaguliwa liwe la mbele.

Gari la mbele lazima lipendeze. Wengine walikuwa wanafunga maua na riboni kwenye magari yao. Sisi hatukuwa na riboni, na badala ya kuomba (kuomba watu kitu kunanisumbua sana, ni afadhali nipotee mjini siku nzima kuliko kumsimamisha mtu nimuulize njia), nikachukua mojawapo ya mablanketi ya kumpelekea mama mkwe, lile zito la maua mekundu, nikalitandaza mbele ya gari kuanzia kwenye boneti mpaka chini, nikalifunga kamba kila pembe likakaza kama kitanda cha hoteli. Nikahakikisha taa zinaonekana. Hicho tu ndicho nilichofikiria, taa.

Watu wakasifu. Mzee M'Ikiara, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu kwa wakwe, alilizunguka gari na fimbo yake akauliza, "Nani amelivisha hivi?" Wakamwonyesha mimi.

"Huyu asiyeongea? Kumbe ana akili, anaificha tu."

Nilifurahi mpaka nikashindwa kumaliza chai.

Wenye kujua magari mmeshajua kosa liko wapi. Injini inapozwa na upepo unaoingia pale mbele, na mimi nilikuwa nimeuzibia upepo wote njia kwa blanketi la kulalia baridi ya Meru. Tulipoanza kupanda kuelekea Kangeta, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Niliuona. Anti alikuwa nyuma anaimba na akina mama, Mzee M'Ikiara yuko kando yangu, nami nikawaza kwamba nikisimama itabidi nilivue lile blanketi, watauliza kwa nini, na yule kijana mwenye akili atakuwa ameishi nusu saa tu. Nikaendelea.

Tukafika kwa wakwe tukakuta lango limefungwa. Hiyo ndiyo desturi, akina mama wa pale wanalifunga na kuimba wakiwa ndani, akina mama wenu wanajibu wakiwa nje, mnaombwa hiki na kile, na halifunguliwi haraka. Nikataka kuzima gari, Mzee M'Ikiara akanishika mkono.

"Usizime. Ukizima watajua tumekubali kungoja, watatuongezea masharti."

"Lakini mzee..."

"Lakini nini?"

"Hakuna."

(Laiti ningemaliza ile sentensi.)

Basi gari likawa linanguruma pale langoni, nyimbo zinaendelea, mshale ukafika mwisho, kisha moshi mweupe ukaanza kutoka katikati ya maua mekundu. Mama mmoja ndani ya lango akaacha kuimba akasema, "Hawa wametuletea blanketi ama wametuletea jiko?" Watu wakacheka pande zote mbili. Nikatoka mbio, nikakata kamba, nikalitupa blanketi kando, nikafungua boneti, mvuke ukafunika kila kitu na kila mtu akarudi nyuma akisema maji, maji, leta maji. Nilijua kuna mtungi wa njano wa maji nyuma ya gari. Nikavuta mtungi wa njano. Nikangoja kidogo, nikashika kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, kwa koti langu, nikakifungua nikiwa nimegeuza uso, nikaanza kumimina, macho yamejaa machozi kwa ule mvuke.

Mtungi ulikuwa karibu kuisha ndipo harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu ya uji. Ule uji wetu mwepesi uliochachushwa, ambao akina mama walikuwa wameutengeneza wa kuwapelekea wakwe, wakautia kwenye mitungi ya njano iliyofanana kabisa na ule wa maji.

"Imejaa?" Mzee M'Ikiara akaniuliza akiwa mbali.

Nilikuwa na nafasi hapo. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, wetu na wao, na bibi arusi mwenyewe alikuwa dirishani. Nikafunga kifuniko.

"Imejaa," nikasema.

Lango likafunguliwa, nikaliingiza gari polepole likitoa harufu kama jikoni, mpaka mama mmoja wa kwetu akamwambia mwenzake kwamba wenyeji wamepika mapema. Baadaye zawadi zilipotolewa, mtungi mmoja wa uji haukuonekana, na akina mama wetu wakalaumiana kwa sauti ya chini hadi wawili wakahama viti wasikae karibu. Mimi nilikuwa ninakula nyama nikitazama sahani.

Tulipokuwa tunarudi, hapo Kianjai, injini ikaanza kugonga, kisha ikakata na haikuwaka tena. Tukavutwa kwa kamba mpaka Meru. Fundi wa karibu na nyumbani akajaribu kuizungusha kwa spana ikakataa, akasema imekamata, haina dawa, tafuta injini nyingine. Anti akakaa kwenye jiwe. Injini nyingine, hata ile iliyotumika, ni bei ya ng'ombe wawili wa maziwa, na ng'ombe wa Anti ni wawili.

"Ilianzaje?" akaniuliza.

"Ilichemka tu, Anti. Labda walikuuzia ikiwa mbovu."

Sijui hayo maneno yalitoka wapi. Mimi, ambaye siwezi kumuuliza mtu njia, siku hiyo nikaweza kumsingizia mtu ambaye hayupo. Nikaona yamemwingia, akasimama kutoka kwenye jiwe kama mtu aliyepata nguvu.

Asubuhi tukalivuta gari mpaka yadi. Anti hakusalimia.

"Kirimi, umeniuzia maiti."

"Mama Kendi," akasema, akimwita Anti kwa jina la binti yake, "karibu kwanza tukae."

"Sikai. Tengeneza gari."

Mzee Kirimi akavaa miwani, akasoma karatasi za gari, akazikunja. "Waranti iliisha wiki iliyopita, mama."

"Na gari likajua tarehe? Likangoja ipite ndipo life?"

Vijana wa bodaboda waliokuwa wameegesha nje wakacheka, wakasogea karibu, na wapita njia wakasimama kuona. Anti akapandisha sauti, akasema mtu anakaa kiti cha mbele kanisani kisha siku za kazi anawauzia wajane magari mabovu. (Ni mjane kweli.) Mzee Kirimi hakukasirika. Alisema, "Sikiza, Mama Kendi. Kwa karatasi sina deni lako. Lakini sitaki maneno na wewe. Fundi wangu afungue hapa hapa, kila mtu akiona. Kama ubovu ni wa injini yenyewe, nalipa nusu."

Anti akanigeukia akatabasamu. Nusu ilikuwa ng'ombe mmoja kubaki nyumbani. Na mimi nikatabasamu, Mungu anisamehe.

Fundi akafungua rejeta, akachungulia, akaingiza kidole, akanusa. Akachukua kijiti akatoa kipande cha kahawia kilichoshikana.

"Mzee, hii ni uji."

"Uji gani?"

"Uji. Ya kunywa. Na imeiva."

Anti akalipuka. Aliwaambia watu waje waone, kwamba yadi hii inaziba matundu ya rejeta kwa uji ndipo inauza. Watu wakaamini. Nani asingeamini? Kijana mmoja akatoa simu akaanza kurekodi, mwingine akasema, "Hawa wa yadi ni wezi, hata ndugu yangu walimfanyia hivyo." Baba mmoja aliyekuwa akikagua gari la kununua akaweka funguo juu ya boneti, akaondoka. Mzee Kirimi alimtazama akienda. Akazichukua zile funguo, akazitia mfukoni.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Sauti yangu ni ndogo hata siku za kawaida. Mara ya tatu kijana wa bodaboda aliyekuwa kando yangu akainua mkono. "Nyamazeni, huyu anasema kitu."

Wakanyamaza wote, na ile simu ikageuzwa kwangu.

"Ni mimi niliweka uji. Nilidhani ni maji."

"Ulijua lini si maji?" Mzee Kirimi akauliza.

"Nikiwa ninamimina."

"Na ukaendelea?" akasema yule wa bodaboda.

"Ulikuwa umebaki kidogo."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mtu mmoja alikaa juu ya tairi akashika tumbo. Fundi akataka kujua kwanza ilichemka kwa nini, ikabidi nieleze habari ya blanketi, kicheko kikaanza upya, na Mzee Kirimi akasema, bila kucheka, kwamba hata waranti ingekuwepo, hakuna waranti ya gari lililovishwa blanketi.

Lakini kicheko hakikuwa kibaya sana. Kibaya ni Anti. Alikwenda mpaka alipokuwa Mzee Kirimi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya wale watu wote aliowaita mwenyewe, akasema, "Nimekukosea. Huyu mzee si mwizi, mnasikia? Wewe wa simu, rekodi hiyo pia." Kisha akaenda barabarani kumtafuta yule baba aliyeacha funguo, akamkosa. Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma.

Mzee Kirimi hakulipa nusu, na hakupaswa, ila alimtafutia Anti injini kutoka Nairobi kwa bei anayonunulia yeye. Hata hivyo ng'ombe wote wawili waliuzwa. Siku walipochukuliwa mimi ndiye niliyewafungua kamba. Siku hizi asubuhi tunakunywa chai ya rangi.

Bado mimi ni dereva. Nilimwambia Anti kwamba akitaka mwingine nitaelewa, akasema, "Mwingine nitaanza kulipia makosa yake. Yako nimeshalipia." Lakini kila jioni nikimrudishia funguo ananiuliza, "Umeharibu nini leo?" na hazipokei mpaka nijibu. Jana pale Ruiri nilikwaruza mlango kwenye nguzo ya kibanda, mkwaruzo mdogo, na kwa lile vumbi asingeuona mwezi mzima. Nilisimama mlangoni funguo mkononi kwa muda mrefu. Kisha nikamwambia.