Sikio Lake la Kulia

Nilipaswa kumwambia shemeji yangu hapana. Alifika kwangu Kisegi kwa bodaboda kutoka Ndhiwa, siku mbili baada ya baba yake, ambaye ni baba mkwe wangu, kufariki. Alitaka nimwazime bunduki kwa ajili ya tero buru. Hiyo ni desturi yetu Wajaluo: mzee akifa, wanaume hupeleka ng'ombe porini kwa ngoma na pembe, wakikifukuza kifo kitoke bomani.

"Jaduong', mzee wetu, hawezi kuondoka kimya kama kuku," alisema. "Ndhiwa nzima inajua mkwe wake ana bunduki."

"Kibali kina jina langu, shemeji. Kuiachilia ni kosa."

"Basi njoo uifyatue mwenyewe. Ama na huo mguu utakimbia na ng'ombe?"

Mguu wangu ulikuwa umevimba, na alikuwa anauona. Nikauvuta chini ya kiti.

"Sawa. Nitawaambia wazee mkwe amekataa."

Hapo ndipo nilipolegea. Nilikuwa nimekula katika boma lile miaka arobaini kama mtoto wao, na niliona aibu. Mke wangu alikuwa ameshatangulia msibani; nikachukua ufunguo alikouweka, nikampa shemeji bunduki na risasi mbili. Akaifunga ndani ya blanketi, akaondoka.

Ilikuwa bunduki ya marisau, ya mitutu miwili. Niliinunua kihalali ili kuwatisha viboko waliotoka ziwani kula mahindi yetu. Mke wangu hakuipenda, na siku nilipoileta alikataa kulala nayo chini ya paa moja mpaka tuelewane. Tukaelewana. Ilikaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa kufuli, ufunguo kwake. Risasi zilikaa kwenye kopo la majani chai katika jiko lake la nje.

Siku ya kuisafisha tuliifanya pamoja. Kabla sijagusa kitambaa niliifungua, nikatoa kilichokuwamo, nikaielekeza mlangoni na kuchungulia ndani ya mitutu hadi nione mwanga wa uani. Kisha nilimpa bunduki achungulie na yeye. Kama kulikuwa na risasi, alizipeleka jikoni, akaita kutoka kule, "Ziko hapa, Mzee. Anza." Sikuanza kabla ya kusikia neno hilo. Halafu alirudi na kuketi karibu, akinichania kitambaa cha pamba vipande vipande huku mimi nikivipitisha kwa ufito. Mafuta nilitia kidogo tu.

"Hiyo chuma unaipaka mafuta kuliko unavyonipaka mimi mgongo," aliniambia siku moja.

"Wewe hushiki kutu."

"Ngoja uone."

Alikuwa na sikio moja tu lililosikia. La kushoto liliharibiwa na usaha utotoni. Kwa hiyo maisha yetu yote nilikaa kuliani kwake: kanisani, mezani, kitandani. Watoto wetu walijifunza hilo kabla ya kujifunza kusalimu.

Shemeji alirudisha bunduki baada ya mazishi, nguo zake zikiwa bado na vumbi. "Zote mbili zimelia," alisema. "Ng'ombe walitimua mbio mpaka wakaingia kwenye miwa ya watu."

Sidhani alinidanganya. Kwa zile ngoma na pembe na wanaume waliokuwa wakipiga kelele, yeye mwenyewe hakujua. Alivuta triga zote mbili, akadhani zote zimeitika, kumbe moja hakuivuta mpaka mwisho, na mtutu wake ulibaki na risasi.

Alipoondoka niliketi sebuleni. Bunduki ilikuwa na vumbi jekundu hadi kwenye kitako, nami niliona haya kumwonyesha mke wangu jinsi ilivyorudi. Nikaanza kuifuta kwa nje.

Aliingia na kikapu cha vitambaa, akaketi karibu yangu kama kawaida.

"Umefungua?"

"Ndugu yako amesema zote zimelia."

"Sijauliza ndugu yangu amesema nini."

"Ngoja nitoe hili vumbi kwanza. Nafungua sasa hivi."

Kitambaa kilinasa kwenye triga, na kitufe cha usalama hakuna aliyekuwa amekirudisha. Risasi ilipita kando ya kichwa chake, ikatoboa mabati. Mwanga ukaingia, na vumbi la dari likatushukia. Hakuvuja hata tone la damu. Nilimshika mabega nikamuuliza kama ameumia. Alinitazama mdomo tu. Nikauliza tena, nikapaza sauti.

"Mzee," alisema, "mbona huongei?"

Daktari wa Homa Bay alimpima mara tatu. Sikio la kulia halikurudi. Nilienda polisi mwenyewe, nikaeleza nilivyoiachilia, nikaacha bunduki na kibali. Waliyoniamulia niliyastahili. Shemeji alikuja kulia uani kwetu. Nikamwambia kuwa mlango wa kosa niliufungua mimi.

Mke wangu hajawahi kunilaumu. Bado anaketi kushotoni mwangu kanisani, ili sikio lake la kulia liwe kwangu. Wimbo ukianza hunishika mkono, nami humgongea mapigo kiganjani, naye huimba, akitoka nje ya sauti mara kwa mara. Nyumbani naandika kwenye daftari ninachotaka kumwambia.

Nilimwazima mtu bunduki kwa sababu niliona aibu kukataa, kisha nikaamini neno lake bila kuchungulia. Mke wangu yuko hai, yuko karibu nami, na hajasikia sauti yangu tangu siku ile.