Kitabu Kinene cha Mfumo wa Zamani

Laiti ningemkatalia Papa asubuhi ile! "Chukua kile kinene," aliniambia. "Mutoto wangu apande kilima cha Kadutu na kakitabu kama ka katekisimu? Watu watacheka!"

Ninyi mliosoma Bukavu enzi za Zaïre mnajua tulivyopima elimu kwa uzito wa kitabu kwapani. Tulikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Kompyuta pekee ya shule ilikuwa imewekewa mfumo mpya wa kuiendesha, na wanafunzi wawili watakaoumudu wangepata kazi katika ofisi moja ya Ibanda. Vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo kila wawili walichagua kimoja. Mwenzangu alikuwa Nsimire, jirani yetu, binti wa muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Akikosa nafasi ile, shangazi yake alikuwa anamngoja Luvungi, kwenye mashamba ya muhogo.

Nsimire alishika kile chembamba. "Hiki ndiyo cha système mupya. Kile kinene ni cha zamani, angalia hapa mbele."

"Système ni système," nikamjibu. "Mwenye kujua mengi atashindwa na kidogo?"

Papa alinisukuma, kweli, lakini mimi ndiye niliyekuwa shefu wa klasi, kiranja wa wote, na mimi ndiye niliyekibeba.

Tukakinakili chote kwa mkono, kama tulivyonakili kila kitu. Tulichora kibodi kwa makaa kwenye katoni ya sabuni, tukawa tunabonyeza herufi huku tunatafuna mahindi ya kuchoma, mvua ikipiga mabati. Mama yake Nsimire akatuchungulia: "Munapiga piano gani isiyolia?" Hatukuruka hata siku moja. Amri zote tulizijua kama Baba Yetu.

Siku ya mtihani niliandika amri ya kwanza. Kompyuta ikakataa. Ya pili, ikakataa vilevile. Wenye kitabu chembamba walikuwa wamemaliza zamani. "Tonton Système," wakanitania, yaani Mjomba Mfumo, "sasa piga sala!" Nsimire hakucheka. Alisema polepole, "Nilikuambia, Murhula," akatoka.

Siku hizi simu ya mjukuu wangu ikitaka kubadilisha mfumo, anabonyeza "ndiyo" bila kusoma mstari, kisha analia picha zake zimekwenda wapi. Namcheka, ila namwonea wivu. Yeye akikosea, huanza upya kabla chai haijapoa. Sisi tulisoma kwa bidii ambayo yeye hataijua, na mtihani ulikuwa mmoja tu, usiorudiwa.

Likizo ilipofika Nsimire alipelekwa Luvungi. Nilimwandikia barua tatu. Hakujibu hata moja. Akaolewa huko huko. Nilikuwa nimekusudia kumwoa mimi, na sikuwahi kumwambia. Kiburi changu kilimnyima kazi, nami nikamkosa yeye.