Mkono wa Kushoto wa Fundi Cherehani

Tangu alipoondolewa titi la kushoto, fundi cherehani hakuweza kuinua mkono kupita bega. Kitambaa alikisukuma kwa mkono mmoja, na sare za shule zikawa zinatoka mishono imepinda. Daktari alimwambia kidonda kimepona. Kilichobaki ni misuli kukakamaa, atafute mtu wa kumkanda.

Wa kwanza alikuwa pande la mtu, mkandaji wa wachezaji mpira. "Mama, dawa ya maumivu ni maumivu," akasema, na bila kuuliza lolote akaanza kukandamiza. Fundi alikiona cha mtema kuni. Mkono ukavimba siku tatu.

Wa pili alikuwa na mikono laini na mafuta ya kunukia. Shuka lilipoteleza, akaliona kovu. "Oo, pole," akasema, akahamia miguuni na kukaa huko huko mpaka muda ukaisha. Fundi alirudi nyumbani kajiinamia. Hata mumewe, aliyehamia chumba cha watoto "ili mwenzangu upumzike vizuri," alikuwa akimkwepa vivyo hivyo, kwa adabu.

"Wewe unachagua mikono," dada yake alimkemea. "Chagua masikio, mdogo wangu. Uliza maswali kabla hujavua blauzi."

Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kachumba nyuma ya duka la dawa. Fundi alikwenda na maswali yake kichwani, lakini mkandaji akamtangulia: upasuaji ulikuwa lini, daktari kasema nini, wapi pasiguswe.

"Umeshawahi kumkanda mtu kama mimi?" fundi akauliza.

"Wengi. Wengine niliwarudisha kwanza kwa daktari. Ukisema basi, naacha."

Akaweka kiganja kando ya kovu, akakituliza. Fundi akaangua kilio cha kwikwi.

"Nimekuumiza?"

"Hapana, dada. Mwaka mzima hakuna aliyenigusa hivi."

Baada ya wiki sita mkono ulifika usawa wa sikio. Alimwonyesha mumewe, kisha akakishika kiganja cha mume, akakiweka begani pake. Mume alikiacha pale kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa msafiri asiyemjua, halafu akakiondoa taratibu.

"Nashukuru unapata nafuu," akasema, akaelekea chumba cha watoto.

Fundi akabaki kasimama sebuleni.

Alhamisi alirudi kwa mkandaji, akapanda kitandani, akageuzia uso ukutani.

"Leo tuanzie wapi?"

"Popote," akasema fundi. "Ila usiharakishe."