Mtetemo Nyuma ya Sikio

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata sasa, uzeeni, najiona nimesimama tena katika maabara ile ya shule ya Makorora, dirisha wazi, jua la asubuhi limelala juu ya meza, na vumbi la chaki linaelea taratibu kama halina haraka ya kutua. Nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia. Somo langu nililijua vizuri, nikadhani hilo linatosha.

Siku hiyo tulisoma mawimbi. Nilijaza maji kwenye beseni pana, nikaweka kizibo kielee katikati, nikaangusha gololi karibu na ukingo. Viduara vikatanuka, kimoja nyuma ya mwenzake, vikapita chini ya kizibo. Kizibo kikapanda, kikashuka, kikabaki palepale. Nikawaeleza wanafunzi kwamba kimo cha kupanda kinaonyesha nguvu ya wimbi. Kwamba kutoka mgongo mmoja hadi mgongo unaofuata ndio urefu wake. Na idadi ya migongo inayopita kwa sekunde moja ndiyo masafa yake. Kisha, nikiwa nimeelekea ubaoni, nikauliza, "Mwanahamisi, ni nini kilichosafiri?"

Mwanahamisi alikuwa binti wa mtaa wa Nguvumali, mpole, anayekaa nyuma kabisa. Kimya. Nikarudia. Nilipogeuka nikamkuta anatabasamu, macho kwenye beseni, kama yumo ndotoni.

Nami nikaona nimedharauliwa. "Unanicheka? Toka nje! Usirudi bila mzazi." Darasa zima likaangua kicheko. Binti akatazama huku na huku, akakusanya madaftari yake, akatoka.

Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne, Mzee Shemdoe, Msambaa aliyekuwa mtunza maabara wetu, mtu wa maneno machache, alinijia nikisahihisha kazi za wanafunzi.

"Mwalimu, nikwambie jambo, hutakasirika?"

"Niambie, mzee wangu."

"Yule mtoto hasikii. Juma lililopita trei ya vyuma ilinidondoka nyuma yake. Wenzake wote waliruka, yeye akaendelea kuandika. Anakusoma midomo. Ukimpa mgongo, humfikii." "Wewe unafundisha sauti, mwalimu, lakini hukuuliza inamfikia nani."

Akafungua kabati, akanipa kile chuma chenye meno mawili kama uma, tunachokigonga kikatetema na kutoa sauti. "Nenda nacho. Mgusishe mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio."

Alasiri ile nilikwenda Nguvumali. Nilimkuta mama yake anapanga nguo kwenye begi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Akaniambia binti aliugua masikio tangu mdogo, yakawa yanatoa usaha, nao wazazi wakaficha kwa hofu kwamba shule ingemkataa. Kesho yake alikuwa anapelekwa Pangani kwa shangazi, akajifunze kushona.

"Umesema hafai, mwalimu. Basi nimemtoa."

"Sikusema hafai, mama."

"Ulisemaje, basi?"

Nilikaa mkekani, uso kwa uso na Mwanahamisi, nikamwomba radhi polepole ili midomo yangu isomeke. Kisha nikagonga chuma gotini, nikaegemeza mpini nyuma ya sikio lake.

Akafumba macho. Mtetemo ulipita mfupani, ukaingia ndani kabisa, pale ambapo sauti za hewani zilikuwa zikishindwa kufika. Sijui tulikaa vile muda gani. Nakumbuka pazia likicheza na upepo, na uso wa binti ukilainika kidogo kidogo.

"Kinaimba," alinong'ona. "Mama, kinaimba!"

Mama yake akaiacha nguo aliyokuwa anaikunja. Nikagonga tena, na tena.

"Mwalimu, siku ile sikukucheka," akasema Mwanahamisi. "Nilifurahi kwa sababu niliona. Maji hayakwenda popote. Kilichokwenda ni ule mtikisiko."

Lilikuwa ndilo jibu nililolitaka, na hakuna aliyemfundisha.

Pangani hakwenda. Daktari alimtibu, sikio moja likapata nafuu, la pili likagoma. Nilimkalisha mbele, na tangu hapo sikusema tena neno nikiwa nimetazama ubao. Leo ni fundi wa redio na simu hapahapa mjini, watu wanampangia foleni. Anasema alishanisamehe. Lakini mwaka jana, tukinywa kahawa, aliniambia, "Kile kicheko cha wenzangu, mwalimu, sikukisikia. Nilikiona." Nikaweka kikombe chini.

Basi nakuusia, mwanangu, utakapopewa watu wa kuwaongoza: mtu akikunyamazia, usikipe tafsiri kimya chake kabla hujamsogelea. Muulize kwa upole, ukimtazama usoni. Na ukimkosea, usimwite aje kwako. Nenda wewe kwake, umwombe radhi mbele ya wanaompenda, hata kama wamekununia.

Mola akupe macho ya kuwaona wanaokaa nyuma, aulainishe ulimi wako, na kila mlango utakaoubisha kwa kuomba msamaha, ufunguliwe. Amin.